UZI: Kwa nini kisiwa kimoja cha 2001 bado kinaushinda ulimwengu mzima uliofuata kwenye Bionicle

#1 – Mleta uzi (Moshi)

Salaam wadau. Uzi ni mrefu, nimeuandika kidogo kidogo kwenye simu kwa wiki mbili, kwa hiyo kaeni mkao wa kusoma.

Kwa wasioijua: Bionicle ilikuwa midoli ya Lego, ile kampuni ya Denmark ya matofali ya plastiki. Iliingia madukani Ulaya mwishoni mwa 2000, Marekani 2001, ikafungwa 2010. Kilichoitenga na midoli mingine ni kwamba ilikuja na hadithi moja iliyosimuliwa kwa miaka kumi, kipande huku kipande kule: vijitabu vya katuni, riwaya, filamu za DVD, michezo ya mtandaoni. Hadithi ilianza na kisiwa kimoja chenye vijiji sita. Ilipofika mwisho ilikuwa na sayari, majeshi, vyama vya siri, ulimwengu sambamba, na majina ambayo hata shabiki mkongwe hayamalizi bila kwenda kuangalia mahali.

Ubishi wa mashabiki ni wa siku nyingi. Wako wanaosema ule mwanzo mwepesi ndio uliokuwa na roho, na wako wanaosema mwanzo ulikuwa utangulizi tu, utamu ulikuja hadithi ilipopanuka. Mimi niko upande wa mwanzo. Lakini sababu inayotajwa na wengi, kwamba "ilikuwa rahisi kuelewa", naona haitoshi, na ndiyo iliyonifanya nifungue uzi.

Nianze na mdoli wenyewe. Nilimpata soko la Memorial hapa Moshi nikiwa darasa la tano. Mama alikuwa anachambua nguo za watoto kwenye belo lililofunguliwa asubuhi ile, na pembeni muuzaji mmoja alikuwa na mfuko wa midoli ya mtumba iliyochanganyika: magari yasiyo na matairi, mikono ya wanasesere, treni nusu. Humo ndani nikamwona mtu mweupe wa plastiki, mkono mmoja upanga, mwingine ngao. Kinyago chake kilikuwa kimepotea, hivyo kichwa kilikuwa wazi, kama fuvu la mashine. Nilipomgeuza nikaona mgongoni kuna gurudumu dogo lenye meno. Ukilizungusha kwa kidole gumba, mkono wenye upanga unapanda na kushuka. Na kisogoni kulikuwa na kipande cha plastiki kinachopitisha mwanga, kwa hiyo ukimwelekeza kisogo juani, macho yanawaka. Mama alilipa mia tano bila hata kubishana bei, jambo ambalo kwake ni nadra sana.

Nilikaa naye miaka mitatu bila kujua jina lake. Nilikuja kumjua sekondari, kwenye kafe ya intaneti ya mjini, nusu saa kwa nusu saa. Anaitwa Kopaka, Toa (yaani shujaa) wa barafu, anayetembea peke yake kwenye miteremko ya mlima wa theluji unaoitwa Ihu. Mimi nilikuwa nikiamka kila asubuhi Kibo iko mbele ya macho. Fikirieni nilivyojisikia.

Sasa hadithi ya 2001. Unaweza kumsimulia mtoto ikaisha kabla ugali haujaiva. Kuna roho kuu, Mata Nui, aliyeshuka na watu wake kwenye kisiwa kilichobeba jina lake. Ndugu yake Makuta alimwonea wivu, akamlaza usingizi usioisha, kisha akavipenyeza vinyago vyake vilivyooza kwenye nyuso za wanyama wa kisiwa wakawa wakali. Watu wadogo wa vijiji wakabaki wanajificha, kila kijiji na mzee wake, Turaga. Ndipo bahari ikaleta makopo sita ufukweni, na ndani ya kila kopo kulikuwa na shujaa mmoja, Toa: Tahu wa moto, Gali wa maji, Lewa wa hewa, Onua wa udongo, Pohatu wa mawe, Kopaka wa barafu. Hawakumbuki wametoka wapi. Wanapaswa kutafuta vinyago vya nguvu vilivyotawanyika kisiwani, kisha washuke chini ya ardhi kumkabili Makuta.

Angalieni hapo kwenye makopo. Dukani mdoli aliuzwa ndani ya kopo la plastiki, akiwa vipande. Kwenye hadithi Toa wanafika ndani ya kopo wakiwa vipande, na wanajiunga wenyewe pale mchangani. Kwa hiyo mtoto aliyefungua kopo sebuleni kwao na kumwaga vipande sakafuni alikuwa tayari yuko ndani ya sura ya kwanza. Sijaona midoli mingine iliyofanya hivi kwa unyoofu namna hii.

Na wazo hilo halikutoka kwenye kikao cha mauzo peke yake. Mmoja wa waliolibuni, Christian Faber wa Denmark, alikuwa na uvimbe kwenye ubongo, si wa saratani, na alilazimika kujidunga dawa mara kwa mara. Amesimulia mwenyewe kwamba alikuwa akiiwaza ile dawa kama kikosi kidogo kinachoingia mwilini kwenda kurekebisha kilichoharibika. Jitu lililolala, vidonge vinavyotumwa ndani yake, askari wadogo wanaotoka humo. Mtu aliyewahi kukaa na mgonjwa nyumbani, akahesabu dawa asubuhi na jioni, ataielewa hadithi hii haraka kuliko mwingine yeyote.

Lakini kilichonishika zaidi ni ule mchezo wa mtandaoni wa 2001, uliotengenezwa na Templar Studios ya New York na kutolewa sehemu kwa sehemu mwaka ule. Humo wewe si Toa. Wewe ni Takua, mtu mdogo tu, unaamka ufukweni bila kumbukumbu, huna silaha, huna nguvu yoyote. Unachofanya ni kutembea kijiji hadi kijiji, kuuliza habari na kusaidia panapowezekana. Ga-Koro unakuta kijiji kimya: watu wamenaswa ndani ya kibanda kilichozamishwa, na kazi yako ni pampu. Po-Koro watu wanaugua na mchezaji wao mashuhuri, Huki, yuko kitandani, na ukifuatilia unagundua ugonjwa unatokana na mipira mipya iliyoletwa sokoni. Ko-Koro, kijiji cha barafu, mzee Nuju hasemi lugha ya watu, anaongea kama ndege, na mkalimani wake pekee, Matoro, hajarudi kutoka kwenye theluji. Unakwenda kumtafuta. Theluji inapiga hadi huoni mbele. Halafu mnyama, na wewe mikono mitupu. Halafu mtu mweupe mwenye upanga.

Nilipoiona picha ile kafeni nilisimama. Jamaa wa kompyuta ya pembeni akadhani umeme umenipiga.

Hapo sasa ndipo hoja yangu ilipo. Watu wanasema mwanzo ulikuwa mwepesi. Mkasa ulikuwa mwepesi, ndiyo, ila kisiwa kilikuwa kimejaa watu wenye kazi zao: mkalimani, mcheza mpira, mpanda ndege, mchimba mashimo, mwanamke aliyepiga kasia hadi ufukweni kuomba msaada. Wazee walikuwa wakisimulia visa kwa kupanga mawe kwenye duara la mchanga, jiwe hili ni fulani, lile ni adui. Sisi tuliokulia kwenye paukwa pakawa tunaujua msingi huo. Wasikilizaji wote wanaijua hadithi, wanachosubiri ni jinsi bibi atakavyoisimulia leo.

Ule mwanzo ulikuwa ghala. Na yote matamu yaliyofuata yalichotwa humo.

Chukueni mwaka 2007, sehemu inayosifiwa kuliko zote na wapenda upanuzi. Shujaa mmoja anavaa Kinyago cha Uhai akijua kitamuua, anawaokoa wenzake, kisha anageuka nishati ili Mata Nui apate kuishi tena. Shujaa huyo ni nani? Ni Matoro. Yule mkalimani aliyepotea kwenye theluji. Wengine waliokuwa naye kikosini ni Jaller, Hewkii (ndiye yule Huki, jina lilikuja kubadilishwa), Kongu, Nuparu na Hahli, wote wanakijiji wa kile kisiwa cha mwanzo. Kifo kile kinauma kwa sababu tulimjua alipokuwa hana nguvu yoyote. Ondoa 2001, kinabaki kifo cha mdoli.

Hata kisa cha nyuma cha 2004, mji wa Metru Nui, kilisimama kwa sababu kilihusu wazee tuliowajua. Tuliambiwa kwamba Vakama, Nokama na wenzao waliwahi kuwa Toa wenyewe, na Vakama ndiye anayesimulia. Hapo ghala lilikuwa bado limejaa.

Baadaye wakala hadi mbegu. Mfano unaoniuma ni Makuta. Mwanzoni Makuta alikuwa mmoja, giza lenye jina, na Toa walipomfikia akawatokea kwanza kwa umbo la mwanakijiji mdogo. Nilikuwa mtu mzima kidogo nilipoliona tukio lile na bado nywele zilinisimama. Miaka ikapita, tukaelezwa kwamba "Makuta" ni jina la jamii nzima, kuna udugu wao, kila mmoja na eneo lake, na yule wa mwanzo kumbe anaitwa Teridax. Tangu hapo aliacha kuwa kitu kinachokungoja gizani, akawa kama mkuu wa idara mwenye mipango. Waandishi walidhani wametuongezea. Kwangu mimi walipunguza.

Kisha 2009 wakatuhamishia sayari ya jangwa, Bara Magna, kwa watu wapya kabisa wasiojua lolote kuhusu kisiwa. Novemba mwaka huohuo Lego ikatangaza kwamba inaifunga.

Nawasilisha. Nipingeni kwa hoja.

#2 – Mdau (Mombasa)

Mkuu umeandika kwa mapenzi na nimesoma hadi mwisho, lakini umeruka kitu kikubwa na sidhani ni kwa bahati mbaya.

Umeruka 2008. Mwisho wa mwaka ule inafichuliwa kwamba Mata Nui si roho ya mawinguni. Ni jitu la mashine kubwa kupita kiasi, limelala baharini, na kisiwa kizima ulichokipenda kimeota juu ya uso wake. Ulimwengu wote wa hadithi uko ndani ya mwili wake. Toa ni dawa kweli. Hicho ulichosimulia kuhusu Faber, hadithi yenyewe ilikuja kukisema baada ya miaka saba. Ungepataje malipo hayo kama wangebaki na vijiji sita na mzee anayepanga mawe?

Halafu tazama jina. Kwa Wamaori, mata ni uso, na pia jicho. Nui ni kubwa. Uso Mkubwa! Sisi watu wa pwani tukisikia mata tunakumbuka mato, maana wazee wetu wa Kimvita na Kiamu husema mato kwa macho. Najua ni sadfa tu ya sauti, lakini mimi iliponijia nilipata baridi mwilini.

Upanuzi ndio uliotufikisha pale. Hukai ufukweni milele.

#3 – Mdau (Dodoma)

Sikuwahi kuisikia Bionicle maishani mwangu, leo nimeingia humu kwa bahati na nimesoma uzi wote. Hapo kwa mkalimani kupotea kwenye theluji nimepaelewa vizuri kabisa bila kujua chochote. Ile aya ya jamii za akina Makuta nimeirudia mara tatu. Labda hilo nalo ni ushahidi.

#4 – Mdau (Lubumbashi)

Wakubwa, mimi niongeze la majina, kwa kuwa Mombasa amelifungua.

Kwetu Kongo, makuta ni pesa. Wakati wa Zaïre, zaïre moja ilikuwa makuta mia, na hata leo ukimsikia mtu wa huku analalamika hana makuta, analia njaa ya mfuko. Kwa hiyo mtoto wa Lubumbashi akiambiwa Makuta ndiye aliyemlaza ndugu yake usingizi kwa wivu, atakubali mara moja, haulizi zaidi.

Jambo lenyewe ni zito kidogo. Majina mengi ya mwanzo yalichukuliwa kwa Wamaori wa New Zealand na lugha za jamaa zao wa Pasifiki, bila kuwauliza wenyewe. Wanakijiji wale wadogo waliitwa Tohunga, na kwa Wamaori tohunga ni mtu mwenye ujuzi mkubwa, wa kuheshimiwa, pengine kuhani. Mwaka 2001 baadhi ya Wamaori waliandika kupitia mwanasheria kupinga, na Lego ikakubali kubadilisha baadhi. Tohunga wakawa Matoran, Huki akawa Hewkii, Jala akawa Jaller. Ndani ya hadithi wakaweka sherehe ya kupewa majina mapya kwa heshima.

Nasema hivi kwa sababu tunapousifu mwanzo tuukumbuke wote. Ile hisia ya kisiwa cha kale, cha watu wenye mila, sehemu yake ilitoka kwa watu halisi walio hai. Baadaye walipounda majina yao wenyewe ndiyo ladha ikapungua, lakini angalau yalikuwa yao.

#5 – Mdau (Nairobi)

Sasa mimi naleta pingamizi mbili, moja fupi moja ndefu.

Fupi: He-Man wa Mattel, 1982. Vijitabu vya kwanza vilivyokuja na midoli vilimwonyesha kama mtu wa msituni tu, ameacha kabila lake kwenda kupigana. Hadithi nyepesi kweli. Mwanamfalme Adam mwenye kuinua upanga alikuja baadaye, na katuni ya televisheni ya 1983 ndiyo iliyomfanya dunia nzima imjue. Leo nani anamtaka yule wa msituni? Upanuzi ulishinda.

Ndefu: Lego yenyewe ilijaribu unachokitaka. 2015 waliirudisha Bionicle. Kisiwa kimoja, Okoto. Toa sita walewale, Tahu, Kopaka na wenzao. Ndugu wawili watengeneza vinyago, mmoja akaharibika kwa wivu. Hata lile gurudumu lako la mgongoni lilirudi, maana kuanzia 2006 midoli mingi haikuwa nalo tena. Kila kitu kilikuwa chepesi, safi, cha kueleweka. Ikafungwa 2016, miaka miwili tu. Ile tata unayoilaumu ilidumu kumi. Ningependa ulijibu hili bila kulizunguka.

#6 – Mleta uzi

Asanteni. Nawajibu, naanza na Nairobi kwa sababu ndilo pingamizi lililonikosesha usingizi hata kabla ya uzi.

2015 nilifurahi kama mtoto. Nilimwomba binamu yangu aliyekuwa Muscat aniletee Kopaka mpya na akaja naye, kwenye sanduku safi, kinyago chake kipo. Ni mdoli bora kuliko wangu wa Memorial, viungo vyote vinakunja, anasimama bila kuyumba. Kisha nikaitazama hadithi. Vipande vya video vya dakika chache. Toa wanashuka kutoka angani, wanatafuta vinyago, wanapigana na buibui wa mafuvu, wanasonga mbele. Nikajiuliza swali moja: huyu Kopaka anamlinda nani? Yupo mlinzi wa kijiji, ndiyo, na wanakijiji wanaonekana kwa mbali wakishangilia. Hakuna hata mmoja niliyejua anafanya kazi gani. Hakuna Nuju wa kuongea kama ndege, hakuna wa kumtafsiria.

Walirudisha mifupa wakaacha watu. Ndiyo maana nilisema tangu juu kwamba wepesi peke yake si hoja yangu. Hadithi ya 2001 ukiiandika kwenye karatasi inatosha ukurasa mmoja, na ya 2015 hivyohivyo. Tofauti ni kwamba ile ya kwanza walikupa muda wa kutembea humo ukiwa mtu usiye na nguvu, ukasubiri sehemu inayofuata kwa wiki kadhaa, ukawajua watu kwa majina. Ghala halijai kwa siku moja. 2015 hawakuwa na subira ya kulijaza, na hawakuwa na akiba ya kuchota.

He-Man nakubali, na nashukuru kwa mfano. Ila angalia Adam alileta nini: baba, mama, jumba, mtu wa kumficha siri. Alimpa shujaa nyumba na jamaa. Kwa macho yangu huo si upanuzi wa namna ya udugu wa Makuta, ndio kwanza ghala linajengwa. Kwa hiyo kwa He-Man mwanzo wa kweli nauhesabu pale, ingawa najua utaniambia nahamisha goli.

Mombasa, umenipata. 2008 niliikwepa kwa sababu ni nzuri na ingeniharibia mtiririko. Kisiwa juu ya uso wa jitu ni moja ya mafunuo makubwa niliyowahi kuyapata kwenye hadithi yoyote, ya watoto au ya watu wazima. Uso Mkubwa sikuwa nimeuona, na sasa sitausahau. Lakini wazo la jitu lililolala halikuzaliwa 2008. Lilikuwamo tangu Faber alipokuwa na sindano mkononi, na tangu makopo yalipofika ufukweni. Ni mbegu ya 2001 iliyochelewa kuota. Na sikiliza kilichotokea mara tu baada ya kuota: Makuta anauteka mwili wa jitu, Mata Nui anatupwa nje, na sisi tunapelekwa jangwani kwa wageni. Kile kisiwa kilivunjika jitu lilipoinuka. Sikuwahi kuona mtu akikililia ndani ya hadithi kwa kiasi kilichostahili. Ule ufukwe wa makopo, kibanda cha pampu, njia ya theluji ya Ko-Koro, vyote viliporomoka, na simulizi likaendelea na safari kama basi lililopita kituo.

Nakiri pia kwamba nikimsoma Greg Farshtey, aliyebeba uandishi wa hadithi hii karibu miaka yote kumi, naona mtu aliyefanya kazi kwa moyo. Kila mwaka alipewa midoli mipya na akatakiwa awape sababu ya kuwapo. Sitaki uzi huu uonekane unamponda.

Lubumbashi, nimekusikia kuhusu Wamaori. Mtu akichukua maneno ya wazee wetu, akayabandika kwenye bidhaa, ningetaka naye aulize kwanza.

#7 – Mdau (Arusha)

Mleta uzi unaongea kama vile waandishi walichagua. Midoli ni biashara. Mwaka 2003 na 2004 Lego ilikuwa kwenye hasara kubwa mno, watu walikuwa wanaogopa kampuni itakufa, na Bionicle ilikuwa kati ya bidhaa chache zilizokuwa zinauza kweli. Huwezi kumwambia mwenye duka linalowaka moto abaki na wahusika sita kwa sababu watu wa Moshi wanaupenda mlima wao.

Kila mwaka lazima sura mpya iingie dukani. Sura mpya inahitaji jina, jina linahitaji asili, asili inahitaji adui. Baada ya miaka mitano una kamusi. Hilo ni matokeo ya namna bidhaa inavyouzwa, na ningesema ni ajabu hadithi ilishikamana hata kwa kiasi kile.

#8 – Mleta uzi

Arusha, sina la kupinga kwenye biashara. Ila 2006 na 2007 walikuwa na sura mpya dukani pia, silaha zenye kuwaka taa, vinyago vya ajabu, kila kitu kipya, na ndani ya sura hizo waliwaweka Jaller, Matoro na Hewkii. Duka lilipata kipya, na mimi nikampata mtu ninayemjua. Kumbe iliwezekana. Wangeweza kuendelea hivyo miaka mingine, wanakijiji walikuwa bado wengi.

#9 – Mdau (Mombasa)

Nakubali nusu. Bado nasema bila upanuzi Matoro angebaki mkalimani aliyepotea kwenye theluji mara moja akaokolewa, tukamsahau. Ghala lisipochotwa nafaka hubunguliwa. Lakini la kisiwa kuvunjika bila kuliliwa umenitia simanzi, maana nimelisoma tukio lile mara nyingi na sikuwahi kuliona hivyo.

Swali la mwisho: yule Kopaka wa Memorial bado unaye?

#10 – Mleta uzi

Ninaye. Yuko kwenye rafu ya sebuleni, bado hana kinyago. Mdau mmoja alishawahi kunitumia picha za kinyago chake, Akaku, chenye lenzi kama darubini kwenye jicho moja, na mtandaoni huko nje vinauzwa, lakini sijanunua.

Jumapili iliyopita dada yangu alikuja na binti yake wa miaka sita. Akamshusha Kopaka, akagundua gurudumu bila kuonyeshwa, akacheza na upanga ukipanda na kushuka. Kisha akaniuliza, "Mjomba, huyu mbona hana uso?"

Nikamwambia kinyago chake kimepotea mlimani, kwenye theluji. Akauliza nani kakichukua. Nikamwambia Makuta. Akauliza Makuta ni nani. Nikasema ni ndugu yake Mata Nui, alimlaza usingizi kwa sababu ya wivu.

Hakuuliza zaidi. Alikwenda naye dirishani, akamwinua juu kisogo kikielekea jua hadi macho yakawaka, kisha akatazama upande wa Kibo. Kulikuwa na mawingu, mlima hauonekani. Akaniambia yakifunguka nimwite.